Beni na kinanda cha umeme: kwa nini uwanjani, redioni na simuni tunasikika kama bendi tatu tofauti?

Katibu wa Beni, Ng'ambo

Assalaamu alaykum nyote. Naomba msaada wa mafundi mitambo na wa wapigaji wazoefu, kwa sababu kikundi chetu kimelizungumza jambo hili kwa wiki tatu, na kila kikao kimemalizika watu wakiwa wanavutana zaidi kuliko walivyoanza.

Asili yetu ni beni ya harusini. Tuna matarumbeta sita, matromboni mawili, tuba moja kongwe, ngoma kubwa, ngoma tatu ndogo za vijiti na matoazi. Siku ya Idd Mosi tulialikwa uwanja wa Maisara, hapa Unguja, kufanya onesho la nusu saa. Vijana wetu hutazama sana mtandaoni vikosi vya ngoma na matarumbeta vya Marekani, wakapendekeza kwamba safari hii tusisimame mahali pamoja, bali tujipange na kuhama uwanjani kwa hatua za gwaride, huku mstari wa mbele ukiwa na marimba, mwimbaji na kinanda cha umeme. Tulikodi spika mbili kubwa, sabufa mbili (spika za sauti nzito) na mikseri ya chaneli 12. Mazoezini, katika uwanja wa skuli, kila kitu kilisikika vizuri. Siku yenyewe zikatokea khabari tatu zisizopatana.

Waliokaa mbele wanasema kwamba matarumbeta hawakuyasikia kabisa. Walisikia kinanda na mwimbaji tu, na sabufa ikawatikisa vifua. Waliosimama nyuma, chini ya miti, wanasema kila chombo kilisikika, ila kinanda kilikuwa kikitangulia na ngoma zikikifuata kama maamuma aliyepitwa na rakaa. Kituo kimoja cha redio kilichotutangaza mubashara kilivuta waya kutoka katika mikseri yetu, na nilipoyasikiliza marudio usiku nikaona haya, kwani mwimbaji na kinanda walikuwa sebuleni na beni nzima iko nyumba ya jirani. Kisha zikaja video zilizochukuliwa kwa simu, nazo zikasema kinyume: ngoma na matarumbeta tele, marimba yapo, lakini besi ya kinanda haimo, kana kwamba mpigaji wetu hakuja siku hiyo.

Vijana wanataka kila tarumbeta litiwe maikrofoni. Wazee wanataka kinanda kiondoke. Mimi nataka kujua kwanza tatizo ni lipi, kwa sababu siamini kwamba onesho moja linaweza kuwa na makosa matatu yanayopingana.

Fundi Mitambo, Wete

Wa alaykum salaam, Katibu. Huamini vyema. Kosa ni moja, ila limesikilizwa kutoka mahali patatu. Kabla ya kukodi maikrofoni hata moja, nenda Maisara na kamba ya kupimia.

Sauti inayotoka mahali padogo katika uwanja wa wazi hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka mara mbili. Chukua mtazamaji aliyekaa mita 4 kutoka kwenye spika, na matarumbeta yakiwa mita 20 nyuma ya spika hizo, yaani mita 24 kutoka kwake. Kwa sababu ya umbali peke yake, spika imempita tarumbeta kwa zaidi ya desibeli 15 hata kama mahali vilipo vina nguvu sawa. Sasa mchukue yule wa chini ya miti, mita 40 kutoka kwenye spika na mita 60 kutoka kwa matarumbeta: tofauti imeshuka hadi desibeli tatu na nusu hivi. Mikseri haikuguswa, wapigaji hawakubadilisha pumzi, na bado watu wawili wamesikia bendi mbili. Hakuna kitufe katika mikseri yako kinachoweza kuwaridhisha wote wawili, kwa sababu ukiipunguza spika kwa ajili ya wa mbele, wa nyuma watampoteza mwimbaji.

Kinachosaidia ni kuisogeza spika mbali na sikio la wa mbele. Inyanyue juu ya nguzo zake hadi ipite vichwa vyao na uilenge kwa watu wa nyuma, ili walio karibu wabaki chini ya njia yake kuu. Sabufa usiziweke mbili mbali mbali kulia na kushoto kama mlivyofanya (naona katika video), kwa sababu sauti nzito zinazotoka pahala pawili hukutana zikaongezana katikati na zikafutana pembeni. Ziweke pamoja, na kwa onesho la beni nadhani moja inatosha. Nyinyi mna ngoma kubwa na tuba, hamko katika disko.

Nije kwenye hilo la rakaa, kwa sababu hapo ndipo penye mzizi. Katika joto letu la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Mstari wenu wa nyuma ukiwa mita 35 kutoka mbele, sauti ya ngoma inachukua milisekunde 100, yaani sehemu ya kumi ya sekunde, kufika pale kilipo kinanda. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika kila pigo lina milisekunde 500, kwa hiyo milisekunde 100 ni moja ya tano ya pigo, na sikio la mtu yeyote aliyezoea ngoma linaikamata. Ikiwa mpigaji kinanda anamtazama kiongozi na kupiga pamoja na mkono wake, spika yake itamfikia mtazamaji milisekunde 100 kabla ya ngoma iliyopigwa kwa mkono huo huo. Hiyo ni hali ya nafuu. Hali mbaya ni pale wapigaji wa nyuma wanaposikia spika na kuifuata: wanaisikia ikiwa imeshachelewa kwa milisekunde 100, wanapiga, na sauti yao inachukua milisekunde 100 nyingine kurudi mbele. Sasa ni 200, karibu nusu ya pigo, na kadiri wanavyojitahidi kufuatana ndivyo mwendo unavyozidi kuzama. Waliokaa mbele hawakulalamikia kukokota kwa sababu ngoma hawakuzisikia. Waliosikia vyote viwili ndio walioiona tofauti. Na uwanja wa skuli uliwadanganya kwa kuwa pengine hauna zaidi ya mita 12 baina ya mistari, nazo ni milisekunde 34 tu, tena kuta zinarudisha sauti na kuifunika tofauti.

Dawa yake ni kanuni ambayo vikosi vya Marekani huifuata kwa ukali: wa nyuma anafuata macho, wa mbele anafuata masikio. Ngoma zenu zimtazame kiongozi, wala zisiisikilize spika hata iwe inalia vipi. Kiongozi naye asibuni mwendo wake bali atazame mikono na nyayo za wapiga ngoma. Marimba, kinanda na mwimbaji wasimtazame kiongozi; wasikilize nyuma yao, na wapige pale sauti ya ngoma inapowafikia. Wakifanya hivyo, sauti zote zinaondoka mstari wa mbele kwa pamoja na zinamfikia mtazamaji zikiwa zimeshikana. Ni jambo gumu kwa mpigaji, kwa sababu anaona kijiti kimeshatua na anatakiwa asubiri, lakini hujifunzwa ndani ya wiki chache.

Mikseri nyingi za kisasa zinaweza pia kuichelewesha sauti kabla ya kuipeleka kwenye spika, na najua kuna kijana wenu atakayeligundua hilo na kuliweka. Chagueni moja. Mpigaji kinanda akisikiliza nyuma, ameshachelewa kwa sikio lake mwenyewe, na ucheleweshaji wa mashine utamchelewesha mara ya pili. Mashine inahitajika pale tu anapopiga kwa kumtazama kiongozi au kwa kufuata mdundo unaotoka ndani ya kinanda chenyewe.

Mzee wa Tromboni, Kikwajuni

Wanangu, nimesoma hesabu za Fundi na sina la kuzipinga. Nimepuliza tangu tukitembea kwa miguu kutoka Kikwajuni hadi Mwembetanga nyuma ya bibi harusi, na huko uwiano tuliufanya kwa kusogea. Mwenye tarumbeta kali alikaa nyuma. Akina mama walipoanza kuitikia, tulishusha pumzi bila ya kuambiwa. Hata rikodi za zamani za taarab ziliongozwa na umbali: mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay kurikodi mwaka 1928 hakukuwa na chaneli 12 za kuchezea, na kila mmoja alisikika kwa kadiri alivyokaa na alivyopiga.

Lakini nimesikiliza kipande chenu, na kuna jambo ambalo hata mkipima uwanja mzima kwa kamba halitatengenea. Mkono wa kushoto wa kinanda unapiga noti zile zile za tuba, oktava moja chini. Mmempa kijana wa tuba kazi ngumu kuliko zote katika beni, kisha mkaweka mashine ya kumfuta. Tuba ina pumzi. Noti yake huanza kwa ulimi, hujaa, halafu hupungua mtu anapotaka hewa, na katika kupungua kule ndipo ngoma kubwa inapopata mlango wa kuingilia. Kinanda hakipumui. Kinalala juu ya noti kama zulia, na kila kilicho chini ya zulia kinapotea. Mkiondoa mkono wa kushoto katika beti zote zenye tuba, nakuhakikishieni hamtahitaji kupunguza spika kwa nusu ya hayo mnayodhani.

Mtazameni mpigaji wa sanduku katika kidumbak, ngoma yetu ya harusini. Ana uzi mmoja na boksi la mbao, hana waya wala amplifaya, na bado besi yake inasikika chini ya fidla, vidumbak viwili (ngoma ndogo), na cherewa na mkwasa za kushikia mdundo. Inasikika kwa sababu hakuna chombo kingine kinachogombania pahala pake. Kinanda kikitaka kuingia katika beni, kipewe kiti ambacho hakina mwenyewe: sauti za nyuzi kama za fidla nyingi, nai (filimbi ya taarab), au kanuni (ala ya nyuzi nyingi), vitu ambavyo hamwezi kutembea navyo uwanjani. Na kinyamaze panapostahiki kunyamaza. Katika dakika zenu thelathini sikusikia hata ubeti mmoja ambao kinanda kimepumzika.

Sitaki kiondoke, Katibu, ila waambie wazee wenzangu kwamba mimi ningekiondolea mkono mmoja.

Shabiki wa Gwaride, Chake Chake

Shikamoo Mzee. Naongeza jambo fupi kwa ajili ya vijana wanaodhani kwamba huko Marekani mambo haya yameanza pamoja na matarumbeta. Drum Corps International, chama cha mashindano ya vikosi hivyo, iliundwa mwaka 1972, na kwa zaidi ya miaka thelathini vikosi vyake vilipiga bila ya spika yoyote. Kukuza sauti za mstari wa mbele kwa maikrofoni kuliruhusiwa mwaka 2004, na vinanda vya umeme na sauti nyingine za kielektroniki vikafuata mwaka 2009. Kabla ya hapo mpiga marimba alilazimika kutumia vijiti vigumu na kupiga kwa nguvu ili asikike na majaji walioko juu ya jukwaa, na marimba yaligeuka kuwa kama kokoto juu ya bati. Maikrofoni zilipokuja aliweza kutumia vijiti laini na kupiga kwa mkono wa kawaida. Faida kubwa ilikuwa hiyo, yaani kupata sauti yenyewe ya marimba, wala si kuongeza kelele.

Hasara yake ndiyo hiyo aliyoisema Mzee. Mashabiki wa huko wana neno la dhihaka kwa besi nzito ya kinanda inayojazwa chini ya tuba. Kwa Kiswahili ningeliita uji. Watazame pia kwamba wenzetu hao wana kundi zima la matarumbeta, makumi ya watu wanaopuliza kwa pamoja kuelekea jukwaani, na hata wao uji unawafunika. Nyinyi mna sita.

Nina shaka kidogo na Fundi juu ya sabufa moja. Katika uwanja wa wazi, bila ya ukuta nyuma, moja huenda ikawa ndogo.

Mnasa Sauti, Mwanakwerekwe

Nimefanya kazi ya kurusha matangazo ya taarab na sherehe za nje kwa muda, basi niruhusuni niseme juu ya redio na simu, ambazo hazijaguswa.

Mikseri ya uwanjani imetengenezwa ili kujaza upungufu. Ndani yake kuna vitu vile tu ambavyo haviwezi kusikika vyenyewe: mwimbaji, marimba, kinanda. Tarumbeta halina waya, kwa hiyo redioni lilisikika kwa kuvujia katika maikrofoni ya mwimbaji na za marimba, na ndiyo maana likawa nyumba ya jirani. Waliovuta waya ule hawakufanya jambo la ajabu, kwa kuwa kwa taarab ya kisasa, ambapo karibu kila chombo kimo katika mikseri, waya huo hutosha. Kwa beni huwa ni nusu ya bendi.

Matangazo yanahitaji mchanganyiko wake mwenyewe, na msingi wake uwe hewani wala usiwe wayani. Simamisha maikrofoni mbili juu ya nguzo ndefu, mita tatu au nne kutoka ardhini, mbele ya katikati ya uwanja, mahali ambapo ukisimama wewe mwenyewe na kufumba macho unasikia beni ikiwa imekaa sawa. Mahali hapo si penye spika. Mara nyingi ni nyuma kidogo ya watazamaji wa mbele, au juu ya ngazi. Maikrofoni hizo ndizo picha yako. Waya wa mikseri unauongeza juu yake kwa kiasi kidogo, kama anayetia chumvi, mpaka maneno ya mwimbaji yaeleweke na vijiti vya marimba viwe na ncha, kisha unaacha.

Hapa tena inaingia hesabu ya Fundi. Sauti ya waya inafika papo hapo. Sauti ile ile ikitoka katika spika na kupita hewani hadi kwenye maikrofoni iliyo mita 14 mbele inachelewa kwa milisekunde 40. Ukizichanganya hivyo hivyo, kila pigo la marimba linasikika mara mbili, na mwimbaji anakuwa kama anayeimba ndani ya pipa. Chelewesha waya kwa milisekunde hizo hizo 40 na vitu viwili vinakuwa kimoja. Mimi hupima kwa kumwomba mtu apige vijiti viwili mbele ya maikrofoni ya marimba, narekodi njia zote mbili, natazama umbali baina ya vilele viwili katika kompyuta, naandika tarakimu. Kazi ya dakika mbili.

Upande wa juu wa sauti hauna matatizo mengi kwetu, ila upepo ni adui. Kusi ikivuma kutoka baharini, maikrofoni isiyo na koti la manyoya inatoa ngurumo inayofanana na lori, na ukiondoa ngurumo hiyo kwa kukata sauti nzito unaondoa na ngoma kubwa pamoja nayo. Sponji nyembamba inayokuja na maikrofoni haitoshi Maisara. Maikrofoni ya tatu nayo ielekee kwa watu, kwa sababu beni bila ya vigelegele redioni ni gwaride la polisi. (Na mpange ratiba yenu ili msikutane na adhana. Msikiti unapoadhini mnanyamaza, hilo linajulikana, lakini mkiwa mubashara kimya cha dakika kadhaa kinahitaji mtangazaji aliyejiandaa.)

Khabari ya simu ni rahisi. Spika ya simu ni ndogo kuliko sarafu, na chini ya hezi 200 (hezi hupima wingi wa mitetemo kwa sekunde; kadiri ilivyo chache ndivyo sauti ilivyo nzito) karibu haina inachotoa. Noti za chini za kinanda chenu ziko katika hezi 40 hadi 80, kwa hiyo zilirekodiwa pengine, ila aliyesikiliza kwa simu hakuweza kuzisikia. Tuba na tromboni zilisikika kwa sababu noti ya mtu anayepuliza ina sauti nyingi ndogo juu yake, na sikio likizipata hizo hujijazia lenyewe ile ya chini ambayo haikuwepo. Besi laini ya kinanda haina hizo. Mchagulie mpigaji sauti yenye ukwaruzo kidogo, na atarudi ndani ya video. Pia simu hujipunguza yenyewe kila inapopigwa na sauti kubwa. Ngoma kubwa ikitua, kila kitu kingine kinazama kwa kitambo kidogo kisha kinaibuka, na hilo hamna la kulifanya. Kwa hiyo msihukumu uwiano wenu kwa video za simu, ingawa mnapomaliza kuchanganya matangazo yenu ni lazima muyasikilize kwa simu, kwa spika moja, kwa kuwa wengi wa wasikilizaji wenu wako huko.

Juu ya kutia maikrofoni kila tarumbeta: msifanye. Mtalipia maikrofoni sita zisizo na waya, mtapata pumzi, hatua na upepo, na kila inayokaribia spika itapiga mluzi. Mkiwa na mpigaji wa peke yake anayekuja mbele, mpeni yeye mmoja.

Fundi Mitambo, Wete

Nakubaliana na Mnasa, na juu ya huyo wa peke yake niongeze kitu kidogo. Mjerumani Helmut Haas alieleza mwaka 1949 kwamba sauti mbili zinazofanana zikifuatana ndani ya takriban milisekunde 30, sikio huzisikia kama moja na huziweka pahala ilipotoka ile ya kwanza, hata ya pili ikiwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo tarumbeta la peke yake likiwa mita 5 nyuma ya spika, mchelewesheni katika spika kwa milisekunde 14 za umbali huo na nyingine 10 hivi za akiba. Watu watamsikia vizuri na bado watamwona anapiga pale aliposimama, badala ya sauti kuruka kwenye sanduku la kulia.

Kwa Shabiki: nimesema moja kwa sababu beni ni ndogo. Wakiondoa mkono wa kushoto kama alivyosema Mzee, sidhani kwamba hata hiyo moja itafanya kazi kubwa. Lakini sikuwepo, na wewe pia hukuwepo, basi tuwaachie wao wasikilize.

Katibu wa Beni, Ng'ambo

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kujaribu kwanza. Jumapili iliyopita baada ya Alasiri tulikwenda Maisara na nusu ya vyombo, spika moja na sabufa moja.

Tulianza na la Mzee kwa kuwa halina gharama. Mpigaji kinanda alinuna, kisha akapiga wimbo mzima kwa mkono wa kulia tu, akitumia sauti za nyuzi. Kijana wa tuba alisimama katikati ya wimbo na kuuliza kama tumemkuzia yeye. Hatukuwa tumegusa kitu. Sabufa tuliizima kabisa baadaye na watu watatu kati ya tisa ndio waliotambua, kwa hiyo mabishano ya Fundi na Shabiki kwetu yamekwisha, angalau kwa idadi yetu hii.

La kusikiliza nyuma lilikuwa gumu mno. Marimba walilipata baada ya saa moja, ila mwimbaji hawezi. Anasema akizisubiri ngoma anajiona kama anayeimba ndani ya maji. Tulipompeleka mita 15 nyuma, akasimama mbele ya ngoma ndogo na maikrofoni yake isiyo na waya, alitulia mara moja. Tumeacha spika palepale mbele na tumemwekea ucheleweshaji wa milisekunde 43 yeye peke yake, kwa kuwa sasa anaimba pamoja na ngoma zilizo karibu yake. Sijui kama hesabu hiyo ni sahihi, lakini kutoka chini ya miti kila kitu kilishikana.

Spika tuliinyanyua kwa nguzo, na kwa mbele matarumbeta yamerudi, ingawa si kwa kiasi ninachokitaka. Nilipiga hatua nikaona kwamba kamba ya watazamaji iko mita 3 tu kutoka kwenye spika.

Fundi Mitambo, Wete

Mita 15 kwa 350 ni milisekunde 43, umepatia. Angalia tu kwamba akihama na uwanja, tarakimu hiyo inahama naye, basi mwekeeni alama ya chokaa asiivuke.

Kamba isogezeni hadi mita 8. Mtapoteza safu mbili za watoto wanaokaa chini, nao watalalamika, lakini tofauti baina ya spika na tarumbeta kwa walio mbele itapungua kwa zaidi ya desibeli 6 bila ya kugusa kitu kingine.

Mzee wa Tromboni, Kikwajuni

Watoto msiwaondoe. Wapelekeni pembeni, upande wa tuba.